Jitu la kwenye gemu lina sauti yangu

Jamani, leo yamenikuta dukani hapa Musoma!

Nilienda kununua mashine ya kuchezea gemu, ile ya mkononi. Zilikuwepo mbili. Moja ina kioo kizuri balaa, ila inacheza gemu za kampuni yake tu. Nyingine kioo chake cha kawaida, lakini inakubali hata gemu ambayo mtu katengeneza mwenyewe nyumbani.

Mimi nikachagua kioo.

Muuzaji akasema, "Subiri kaka, uione na hii. Kuna dada wa hapahapa katengeneza gemu, watu wanaipendaga sana."

Akaiwasha.

Mwanamke anakimbia na ndoo ya samaki, sato. Nyuma anafukuzwa na jitu lenye kitambi na shati la njano, linafoka: "Chakula kiko wapi?"

Sauti ni yangu. Na shati la njano ndilo nililovaa!

Muuzaji akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akapunguza sauti ya gemu.

Nikampigia mke wangu, ambaye kila jioni ananiambiaga anasahihisha mitihani kwenye kompyuta.

"Nyamisi, hii gemu ni ya nani?"

Akauliza, "Umefika hatua ya ngapi?"

Nimenunua hiyohiyo yenye jitu. Sasa narudi nyumbani na njaa inauma.

Naulizaje chakula leo? Nisaidieni kabla sijafika mlangoni.