Swali la Fundi wa Fremu

Kabla ya kukata, fundi wa fremu wa mji wa Baraka hunawa mikono, huilaza picha mezani, kisha humwuliza mwenye picha: "Nani asifichwe?" Asiye na jibu huambiwa arudi nyumbani akafikiri. Vita vimemletea picha zilizovuka ziwa vifuani mwa watu, zenye madoa ya maji. Naye hukata dirisha katika kadibodi ya kufunika picha, ubovu ujifiche chini yake na nyuso zibaki. Siku hizi mkono wake hutetemeka.

Saleh mwenye boti aliporudi kutoka Kigoma na katalogi ya mashine za kukatia kadibodi kwa kompyuta, fundi aliipekua taratibu, akilamba kidole. "Chukua hii, muzee," Saleh alisema. "Iko na vipimo vyake tayari, inakata yenyewe. Ile ingine inangojaka we uiandikie vipimo moja moja, kama karani wa ofisi ya komini!" Fundi alikuwa amekwisha kuitia alama ile ya kwanza, Mama Émilienne alipoingia na picha ya arusi ya dada yake. Pembeni, ndani ya doa baya, mkono mdogo ulishika gauni. Mwenye mkono hakuonekana.

"Nani asifichwe?"

"Darius, mtoto wangu," mama alisema, akiugusa ule mkono. "Picha ya kwake, njo hii tu ilibakia."

Fundi akafuta alama yake, akaitia kwenye mashine inayongoja kuandikiwa. Kisha akanawa, akaegemeza kiwiko mezani ili kisu kitulie, akakata dirisha pana. Doa likaonekana lote, na mkono pia.