Nilimsomea kurasa za Novemba, akaamini ni za wiki hiyo

Admin, ukiiweka hii naomba uondoe jina langu na la klabu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, Mkenya wa Nakuru, nina mke na binti mmoja nyumbani. Huu ni mwaka wangu wa saba Dubai. Nilikuja kama mlinzi, sasa ni mhudumu wa viwanja vya tenisi katika klabu moja karibu na Mirdif, na ninalala nyumba ya wafanyakazi Al Qusais. Elimu yangu ni kidato cha nne. Tangu shuleni ninaandika shajara, kila ukurasa na tarehe yake juu, na nilikuwa najivunia tabia hiyo mpaka mwaka huu.

Pale klabuni kuna Mwingereza mmoja, nitamwita Dani. Ni mchezaji wa kulipwa, ila msifikirie wale mnaowaona kwenye televisheni. Duniani yuko nafasi ya mia sita na kitu. Anakaa Al Nahda kwenye fleti ya kushirikiana, fulana zake anafua kwenye sinki, na akienda yale mashindano madogo ya Misri au Tunisia mara nyingi anarudi baada ya siku mbili, ameshatolewa. Niliwahi kwenda kumtazama akicheza hapa hapa Dubai. Watazamaji tulikuwa mimi na Mnepali aliyesubiri wamalize ili afagie.

Dani hana kocha. Baba yangu alitunza viwanja vya tenisi kwa miaka mingi, kwa hiyo raketi naijua, na Dani akaanza kuniomba nipigiane naye mipira asubuhi kabla ya zamu. Mimi namwita sir, yeye hataki, ananiita kocha kwa utani. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumhesabia sevu, ile mipira ya kuanzishia. Anapiga mia, naandika ngapi zimeingia na bega limeanza kuuma kwenye ya ngapi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ni shajara yangu. Novemba bega halikumsumbua kabisa. Januari lilikuwa likiuma akifika sitini. Mwishoni mwa Februari, ishirini tu, na nyingi zilikuwa zinagonga wavu.

Siku moja mwezi huo alipoteza mechi kwa mtu ambaye hana hata nafasi duniani. Kesho yake akaketi kwenye benchi bila kufungua begi. Akaniambia shule moja ya Mirdif inamtaka awe mwalimu wa tenisi, na wanataka jibu Alhamisi.

"Kocha, usinionee huruma," akasema. "Wewe unaandika kila kitu. Fungua kitabu uniambie, napanda au nimekwisha?"

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Wiki iliyotangulia alikuwa ameniambia kwamba akiendelea kucheza, kiangazi hiki atanipeleka Uingereza niwe mtu wake wa mazoezi. Nikafungua shajara, nikarudi nyuma hadi Novemba, nikamsomea kurasa tatu kwa Kiingereza kama ndizo za wiki hiyo; zilikuwa na hesabu ya sevu zilizoingia tu, maana wakati ule bega lilikuwa halijaanza kuuma. Sikuongeza hata tarakimu moja. Nilichoficha ni tarehe, nikaikinga kwa kidole gumba.

Dani akainamisha kichwa, akafuta macho kwa taulo. "Basi ni akili yangu tu inayonidanganya," akasema. Alhamisi akaikataa ile kazi.

Machi alicheza tena. Seti ya pili mkono ukakataa kupanda, akawa anaanzisha mpira kwa chini kama mtu anayejifunza. Mpinzani wake alicheka waziwazi. Dani alipotoka akanipiga begani: "Siku mbaya tu, kocha. Kitabu kinasema napanda."

Nikamweleza Hamisi, Mtanzania ninayelala naye chumba kimoja. Aliacha kula. "Bwana wee! Mtu kakuuliza yu mzima au mgonjwa, wewe ukamsomea habari za mwaka jana? Mwambie. Akikufukuza, khalas, yameisha, utarudi kufagia viwanja. Kwani kabla yake ulikuwa nani?"

Sikumwambia. Wiki iliyofuata barua ya mwaliko ikafika kutoka klabu ya kwao Uingereza, jina langu limeandikwa vizuri kabisa. Nilimtumia mke wangu picha, akanipigia akilia kwa furaha. "Baba Keisha, nimeshamwambia pasta. Jumapili tunatoa shukrani kanisa zima."

Sasa Dani amempata daktari wa mabega. Daktari anataka kujua maumivu yalianza lini na yamekuwa yakizidi vipi, ndipo aamue kama atamchoma sindano aendelee kucheza au atampasua. Dani akamjibu kwa fahari kwamba ana mtu aliyeandika yote siku kwa siku. Ameniomba nimtafsirie kurasa zote kwa Kiingereza, pamoja na tarehe. Daktari anazisubiri Jumatatu.

Nikitafsiri kweli, Dani atajua kwamba kazi ya shule ilimpita kwa ajili ya tamaa yangu, na safari imekufa, na mke wangu ameshasimama mbele ya kanisa. Nikizipanga upya tarehe, daktari atalitibu bega ambalo halipo, na mkono ule ndio maisha yake, acheze au afundishe. Asubuhi bado ananijia na kahawa mbili, moja yangu, na mimi simtazami usoni.

Msinionee huruma, nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini pia. Jana nilianza kutafsiri. Nimemaliza zile kurasa tatu, maneno yote yako sawa, na juu ya kila moja nimeacha nafasi tupu. Nijaze tarehe ipi?