Ardhi Iliyohama Kila Jumamosi

Mimi ndiye mlinzi wa mlingoti wa chuma uliosimikwa kwenye ua mmoja hapa Mtopanga, na kwa kazi hiyo nimepewa chumba cha kuishi na wadogo zangu. Tangu wazazi wetu wafariki, hatujawahi kupata makao ya uhakika kama hayo. Juu ya mlingoti kuna antena inayopokea ishara za setilaiti, ili wataalamu wajue ardhi yetu inasogea upande kiasi gani. Injinia aliyeusimika alisema inasogea polepole kuliko kucha zinavyoota.

"Antena isiguswe, dada," aliniusia.

Haikuguswa, wallahi. Hata kunguru niliwafukuza.

Juzi akapiga simu. "Dada, huko kuna nini? Kila Jumamosi mlingoti unakwenda upande wa bahari, jioni unarudi."

Nikaingiwa na hofu, nikamwonya jirani yangu, Bi Zuhura, kwamba ardhi inahama.

"Ihame na mwenye nyumba wangu," akajibu, lakini nilimwona akifungasha vyombo.

Jumamosi injinia akaja mwenyewe. Nikamwapia kwamba antena haijaguswa, asije akatutoa chumbani. Nikatangulia uani, nikasogeza blanketi bichi ili apite.

Hakupita. Aliifuata kamba ya kuanikia kwa macho kutoka upande wa bahari, blanketi baada ya blanketi, mpaka kwenye fundo nililofunga kwenye mlingoti wake.

"Dada," akauliza taratibu, "wafua siku gani?"

Bi Zuhura akanijibia kutoka ng'ambo ya ukuta: "Jumamosi! Huyu hakosi!"