Kiti cha Nyimbo za Papa

Sebuleni kwetu Gihundwe, juu ya meza ndogo chini ya dirisha, kuna spika ambayo walioibuni waliacha kuitengeneza zamani. Ukubwa wake ni kama mkate mrefu wa dukani. Mbele imevikwa kitambaa cheusi, na juu ina kishimo chenye ulimi wa chuma. Humo hukaa kichezeo kidogo cha muziki, kile cha enzi ambayo simu ilikuwa bado haijameza kila kitu. Kichezeo kikikaa hapo kinapata umeme, na spika inapata nyimbo. Nyumbani tuliita kitu chote "kiti". Maman akisema, "Weka kwenye kiti," hakuna aliyeuliza kiti gani.

Aliyeileta ni dada yangu mkubwa, kutoka Kanada, mara ya kwanza alipokuja kutusalimia tangu wazazi warudi Rwanda. Papa na Maman walikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, wakaoana Bukavu, na waliimba kwaya huko ujana wao wote: Papa besi, Maman sauti ya pili. Kwaya ile ilitawanyika. Wengine wamekufa, wengine wako kambi za wakimbizi, wengine hatujui. Kilichobaki ni kaseti ambazo Papa alikuwa amerekodi mwenyewe kwa redio yake, akiwa ameiweka juu ya benchi la kanisa. Shemeji yangu alizihamishia kwenye kompyuta yake, kisha kwenye kichezeo. Baadaye kompyuta ilikufa na kaseti zililiwa na ukungu. Nyimbo zikabaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe palihitaji kiti ili pazungumze, kwa sababu betri ya kichezeo ilikuwa imekwisha na tundu lake la visikizi limevunjika.

Kuhusu kiti chenyewe sitaki kubishana na mtu. Siku hizi sokoni Kamembe wanauza spika za kila umbo, zinazowaka taa za rangi kama harusi na kukutangazia kwa sauti ya mwanamke kwamba zimeungana na simu yako. Zinapiga kelele kweli. Lakini ukiweka kwaya ndani yake, sauti zote zinakuja kwa pamoja, kama watu wanaogombea mlango. Kiti kilijua kuwapanga. Besi ilikaa chini bila kutikisa vikombe, sauti ya kwanza ilipita juu bila kuchoma masikio, na katikati ungeweza kumsikia Maman akiwa msichana. Kilikuwa na ubaya wake pia. Kilinguruma simu ilipotaka kuita, hata kabla haijaita, na Papa alipenda kusema, "Pokea, kiti kimesikia." Rimoti yake, nyembamba kama biskuti, ilipotelea ndani ya kochi na haikuonekana tena. Na ubaya mkubwa kuliko wote ni kwamba kilijengwa kwa kuamini kuwa kitu kingine kitadumu. Mdomo wa vichezeo ulipobadilishwa na waliovitengeneza, kiti kikabaki kimeachama, kikisubiri kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Jambo moja zaidi lazima lieleweke. Kiti kilitoka nchi ambayo umeme wa nyumbani ni mdogo kuliko wetu. Dada alikinunulia transfo, kile kisanduku kizito cha kupunguza umeme, kikae kati yake na prizi ya ukutani. Sisi wa nyumbani tulijua. Hatukuwahi kuandika wala kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna mgeni anayekuja kwako kuchomeka vyombo vyako.

Papa aliendesha lori la simenti kutoka Muganza hadi alipostaafu. Asubuhi moja, akifunga kamba za viatu aende kanisani, alianguka ubavu. Alitoka hospitali upande wa kulia umelala na maneno yote yamemwondoka isipokuwa moja: "Apana." Akitaka chakula, apana. Akishukuru, apana. Alijua kwamba silo neno alilokuwa akilitafuta. Tuliliona hilo usoni mwake kila mara lilipomtoka, na baada ya muda akaona afadhali asifungue mdomo kabisa.

Kisha Jumapili moja Maman, bila kufikiria lolote, aliweka kichezeo kwenye kiti. Kuna wimbo mmoja ambao kabla haujaanza gitaa linapigwa kidogo, mtu fulani kwenye kwaya anakohoa, halafu besi zinaingia. Gitaa likapigwa. Mtu akakohoa. Papa akaingia. Aliimba maneno yote, hayajakatika, mdomo umepinda lakini kila neno mahali pake. Maman aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika, polepole, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

Pale hospitali, mama anayewafanyisha wagonjwa mazoezi hakushangaa tulipomwambia. Alisema hutokea, kwamba wimbo na maongezi havilali chumba kimoja kichwani, na akatuhimiza tuendelee. Tukaendelea. Baada ya wiki kadhaa Papa alivumbua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Kibwagizo kilipofika, ndani ya sauti ileile, aliondoa neno la wimbo na kuweka lake: "mayi." Alikuwa na kiu. Siku nyingine akaweka "baridi", na nyingine "mugongo". Asubuhi zetu zikapata utaratibu. Maman alipiga wimbo, akasimama kando na kikombe cha maji na blanketi begani, akisubiri kibwagizo kama mtu anayesubiri basi. Papa akiimba haja yake, anapewa. Siku nzima baada ya hapo alikuwa kimya, lakini kilikuwa kimya cha mtu aliyeombwa maoni.

Kikundi cha maombi kilikuja mchana wa Jumatano. Waliomba, waliimba, walileta na piano yao ndogo, na piano ilihitaji umeme. Prizi ya sebuleni ni moja. Walichomoa transfo, wakachomeka piano, na hakuna aliyeona ubaya, hata mimi niliyekuwa nikigawa chai. Walipomaliza walifanya kama watu wetu wanavyofanya wanapomtembelea mgonjwa: hawakubali kuacha kazi nyuma. Waliosha vikombe, wakafagia, wakarudisha viti ukutani. Mmoja wao, jirani yetu, mama ambaye tangu Papa aanguke hakuwahi kukosa kutuletea uji wa mtama, alirudisha hata waya wa spika mahali alipodhani ulitoka. Aliuchomeka moja kwa moja ukutani, kwenye prizi yetu inayopokea plagi za kila aina. Transfo aliipangusa vumbi akaiweka kando ya meza, vizuri, kama kiatu.

Asubuhi iliyofuata Maman aliweka kichezeo, akabonyeza swichi ya nyuma. Kiti kilitoa sauti moja, kama njugu inayopasuka motoni, kisha harufu. Papa alikuwa tayari amevuta pumzi ya kuimba.

Mimi nina tabia ya kutaka kujua jambo lilivyokwenda, hatua kwa hatua. Niliuliza nani alikaa wapi, nani alishika piano, nani alibaki nyuma kufagia. Nilipomjua aliyeuchomeka waya na kutaka kwenda kwake, Maman alinisimamisha mlangoni.

"Unataka kujua ili ufanye nini?"

Aliniambia mama yule asisikie habari hiyo kamwe, wala kutoka kwangu wala kwa mtu mwingine, kwa kuwa akisikia hatakanyaga tena nyumba hii, na mgonjwa anahitaji watu kuliko anavyohitaji ukweli wangu.

Kwa hiyo jirani aliendelea kuja na uji wake, na siku moja, akimpangusa Papa kidevu, aliuliza, "Mbona siku hizi hamupigake muziki? Nilizoea kuusikia nikipita."

"Papa anataka kimya kidogo," Maman alisema.

"Apana," Papa akasema.

Jirani alicheka. "Sikia, anakatala! Munamunyima muziki wake, na yeye anataka."

Maman naye alicheka, akageuka kutazama dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Papa kutoa neno bila wimbo. Hadi leo sijui kama lilikuwa lile neno lake la kila kitu, au kama safari hiyo lilikuwa neno lenyewe.

Tulijaribu njia nyingine zote. Nilinunua spika ya taa za rangi na kutafuta kwaya zinazofanana kwenye simu. Papa aliisikiliza kwa adabu, kama mahubiri ya mgeni. Maman aliimba mwenyewe wimbo uleule, sauti ya pili peke yake. Papa alimtazama, machozi yakamtoka, mdomo haukufunguka. Dada huko Kanada alitafuta kiti kingine kwa wauza vitu vilivyotumika, akapata kilichopasuka, akaendelea kutafuta. Kamembe mafundi walikifungua kiti, wakakifunga, wakasema vifaa vyake hawana. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimekitoa makumbusho.

Fundi tuliyeelekezwa kwake alikuwa Bukavu. Mama mmoja anayevuka kila siku na vitunguu alikibeba kwenye beseni lake, kichezeo nacho kikiwa kimefungwa kwenye kitenge. Fundi alituma ujumbe kwamba kichezeo kimepona, kilichoungua ni sehemu ya umeme, na ataibadilisha aweke inayovumilia umeme wetu. Tulifurahi. Kisha hali upande ule ikachafuka na mpaka ukafungwa.

Kutoka uani kwetu Bukavu inaonekana, mapaa yake yameshuka hadi ziwani. Asubuhi, saa ile ya wimbo, Maman alitoka nje na kikombe mkononi, akasimama kutazama ng'ambo. Hakukaa muda mrefu. Akirudi ndani alimnywesha Papa bila kusubiri aombe. Papa alikunywa chochote alichopewa, wakati wowote alipopewa. Polepole aliacha kutugeuzia hata macho tulipoingia. Mama wa mazoezi alikuja, akamtazama, akatuuliza anapata mazungumzo kiasi gani, na sisi tukatazama meza ile tupu.

Mpaka ulipofunguliwa, mama wa vitunguu alikuja mwenyewe hadi nyumbani, amekonda, na kiti kichwani. Alikuwa amekificha chini ya kitanda chake muda wote ule, pamoja na nyaraka za watoto wake. Nilikichomeka. Taa yake ndogo ikawaka. Maman alimvuta Papa karibu, akamweka sawa kwenye mto, akajaza kikombe, akatupa blanketi begani kama zamani.

Gitaa lilipigwa. Kilikuwa kiti kilekile, sauti zimepangwa kila moja mahali pake. Mtu akakohoa. Besi zikaingia, zote isipokuwa ya Papa. Alikuwa akiitazama spika kwa makini, kama mtu anayemwona aliyewahi kusafiri naye, ila jina halikumbuki. Kibwagizo kikafika, kikapita. Cha pili kikapita. Wimbo ulipokwisha Maman aliurudisha mwanzo, na tena, bila haraka, kikombe kikiwa kimesimama mkononi mwake. Mara ya mwisho, kibwagizo kilipofika, ni yeye aliyeimba, kwa sauti ya besi kadiri koo lake lilivyoweza kushuka: "Mayi."

Kisha akamnywesha.

Papa aliishi hadi mvua zilizofuata, na hakuimba tena, wala hakusema hata lile neno lake moja. Wakati wa kilio jirani yetu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alifagia, akaosha vikombe, akarudisha viti ukutani. Dada amepata kiti kingine Kanada, kizima, ndani ya boksi lake, na anauliza kama atume. Nimemwambia asitume. Hiki kinafanya kazi vizuri kabisa.