Mke wa Mpiga Makaa

Karibu na soko la Soweto, Mbeya, palikuwa na mhunzi aliyefua majembe kwa makaa ya mawe, na moshi wake ulinuka kama mayai viza. Watu walipita wameziba pua. Bibi yangu Mwanahawa, aliyenilea, alikuwa akisimama pale na kapu lake la mchele, anavuta pumzi, kisha ananiambia, "Hivi ndivyo babu yako anavyonuka, hata akioga." Anavyonuka, kama mtu atakayerudi jioni. Babu Shabani alikuwa mpiga makaa katika meli ya mizigo ya Waingereza, kazi yake kulisha tanuri kule chini kabisa, na tangu vita vya Hitla hakuonekana tena. Bibi alijua kwamba nyambizi za Wajerumani zilizamisha meli nyingi. Lakini hakuna aliyemletea habari ya kifo, na mwanamke asiye na habari hakai eda. Basi akabaki mke wa mtu. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga kutoka Ubaruku, mgane mwenye heshima zake, alimposa, naye akamjibu kwamba ana mume. Mama mkwe wake, aliyekuwa kipofu, alikaa kwake hapo Mbeya. Bibi alimwogesha na kumlisha miaka nenda rudi, mpaka akamzika.

Kipupwe kimoja, nikiwa darasa la tatu, tulipanda basi kwenda Iringa kwa Babu Idi, mdogo wake Babu Shabani, aliyekuwa akimsomea hitima marehemu mkewe. Basi liliposimama Igawa Bibi alininunulia mahindi ya kuchoma, na njia nzima alikuwa mchangamfu. Kule Iringa wanaume walikaa barazani, sisi wanawake uani, pazia katikati. Pilau ilikwishaiva, tukingoja dua tu. Kama ilivyo desturi, mwishoni shehe aliwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja ili thawabu ziwafikie. Akamtaja baba mtu, akamtaja mama mtu, kisha bila kusita akamtaja Shabani bin Hamisi. Wanaume wakaitikia amina. Wanawake wa nyumba ile nao wakaitikia, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Hata mimi na utoto wangu nilielewa kwamba jina lile walikuwa wamelizoea.

Bibi hakulia. Aliwaacha watu wamalize kula na kunawa mikono, ndipo akamwita Babu Idi uani na kumuuliza tangu lini. Mzee akaeleza yote, macho chini. Vita vilipokwisha alikuja baharia mmoja aliyekuwa katika meli nyingine ya msafara uleule. Aliiona meli ya Shabani ikipigwa. Wapiga makaa wengi walifia chini, lakini Shabani aliwahi kutoka. Baharia yule alimwona majini akipunga mkono, akamtambua kabisa. Meli zote zikampita, kwa sababu amri ilikuwa hakuna kusimama. Ukoo ukamsomea hitima Iringa, kimya kimya, na Mbeya hawakutuma neno.

"Mama alikuwa haoni, shemeji," alisema. "Ungejua, ungekaa eda ukamaliza ukaolewa. Nani angemtazama?"

"Zile meli zilikuwa na amri," Bibi alimjibu. "Wewe nani alikuamuru unipite?"

Tuliporudi Mbeya alinunua kitambaa cheupe, akaenda kwa shehe kumweleza kwamba anataka kuingia eda. Shehe alimpokea kwa adabu, lakini sheria ni sheria: eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya habari. Yake ilikwishapita zamani sana, pengine akiwa jikoni anamkorogea uji mama yao. Kesho yake alirudi sokoni. Niliwachukia watu wa Iringa, na sioni haya kusema kwamba bado nawachukia.

Siku hizi nikisikia kwenye taarifa ya habari kwamba meli ya mizigo imepigwa, wanatueleza bei ya mafuta itapanda kiasi gani. Waliokuwa chini kwenye injini hawatajwi. Ila habari ya kifo sasa haifichiki. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walinipigia simu saa ileile. Nilikaa eda yangu nikiwa nimevaa nyeupe, na majirani, Waislamu kwa Wakristo, walinipikia na kunishika mkono. Nililia sana ndani ya eda ile, na wote walidhani namlilia mume wangu peke yake.