Tuliambiwa tuangalie kichwa cha mtoto, mimi nikaangalia mti

Wakuu, salamu kwenu wote, walio kazini na wanaojifanya wako kazini.

Hii stori nimekaa nayo miaka mingi. Naiweka hapa vile ilivyotokea, chumvi sitaongeza. Mahali nitaonekana mjinga, msidhani ni mbinu ya kuandika. Nilikuwa mjinga.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzo mwanzo. Tulikuwa tunakaa Kaloleni, nyumba ya kanisil, yaani ya baraza la jiji, mimi na mke wangu tu.

Mimi nilikuwa mchongaji. Kiwanda chetu kilikuwa upande wa Majengo, Wakamba tupu, kila mtu na mnyama wake. Mimi nilikuwa mtu wa twiga. Miaka tisa, twiga. Ungeniambia nikuchongee kiti, pengine ungepata twiga aliyekaa.

Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa. Msichana. Tukamwita Mwende, jina la mama yangu, na kutoka siku hiyo mke wangu akawa Mama Mwende. Humu pia nitamwita hivyo.

Alizaliwa na uvimbe mgongoni, chini kabisa, karibu na kiuno. Ulikuwa kama kifuko cha ngozi nyembamba, ndani unaona maji. Sista wa hospitali aliyemshika alinyamaza, akamwita mwenzake. Mwenzake naye akaja akanyamaza.

Wakuu, ukiona masista wawili wamenyamaza, tafuta mahali ukae.

Daktari akatuambia inaitwa spina bifida. Mgongo wazi. Yaani mtoto akiwa tumboni uti wa mgongo haukufunga vizuri, mishipa ikatokea nje. Miguu yake ilikuwa imelala tu. Ukimfinya kidole cha mguu anaendelea na shughuli zake kama hajafinywa yeye.

Walimpasua akiwa na siku chache, wakaufunga mgongo. Yeye na mama yake wakakaa wodini karibu wiki tatu. Mimi nilikuwa nakuja saa za kuona wagonjwa na vumbi la mbao kichwani, nasimama, natazama, narudi kuchonga twiga. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Siku ya kutoka daktari alituketisha. Akasema asilale chali mpaka kidonda kipone kabisa. Akasema kidonda kikitoa maji turudi.

Halafu akasema kuhusu kichwa.

"Watoto wa aina hii mara nyingi maji hujaa kichwani. Kichwa kikianza kukua haraka, msingoje tarehe ya kliniki. Mje siku hiyohiyo."

Tukaitikia. Akarudia, "Siku hiyohiyo." Tukaitikia tena, kwa sauti.

Tukiwa langoni nikamwambia Mama Mwende, "Wewe shughulika na kidonda. Kichwa niachie mimi." Nilijiona nafaa. Mtu anayepima vichwa kwa jicho kutoka asubuhi mpaka jioni, nani mwingine angeangalia kichwa?

(Nawaomba mkumbuke hayo maneno. Mimi siwezi kuyasahau.)

Nyumbani wageni walikuja. Chupa za uji, sukari, sabuni, na kila mmoja na maelezo yake ya bure.

Mmoja alisema Mama Mwende alibeba mtungi wa maji akiwa mjamzito. Kweli alibeba. Mtaa mzima ulikuwa unabeba.

Mwingine alisema huenda nyumba imejengwa juu ya kaburi. Nikamwambia nyumba ni ya City Council, aende City Hall akawaulize.

Halafu akaja mama mmoja wa kanisani. Huyo alisema ni mimi, kwa sababu nachonga sanamu. Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona mtoto hakuzaliwa na shingo ndefu? Mama Mwende akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ajifungue. Mama wa kanisani akamaliza chai yake na akaenda.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mtoto hakutakiwa kulala chali, na kumlaza kifudifudi siku nzima kulikuwa kunamtia hofu mama yake. Tulikuwa tunamzungushia manguo ili alale ubavu, lakini nguo zinateleza, mtoto anageuka, mama anaruka.

Nikasema, hii ni kazi yangu. Pale kiwandani kulikuwa na kipande cha jakaranda kilichobaki, cha mwenzangu Mutua, mtu wa vifaru. Nikamwomba, akanipa. Nikachonga kitu kama sinia kubwa, ukingo nyuma wa kumzuia asigeuke, na upande wa juu shimo la kichwa, la mviringo, laini. Nikapiga msasa mpaka ukipitisha mkono husikii kitu. Tukatandika blanketi.

Mwende akalala ndani akatulia. Kichwa kikaingia kwenye lile shimo sawasawa. Wakuu, sijawahi kuchonga kitu kizuri kama kile, na nimechonga vitu vilivyopanda ndege na watalii.

Baada ya siku sita hivi, Mama Mwende akaniambia, "Kichwa kinabana."

Nikaangalia. Kweli kilikuwa kinabana kidogo. Nikatoa patasi, nikapanua shimo.

"Si kichwa," nikamwambia. "Ni mti unakauka."

Kwa wasiojua kazi yetu: jakaranda tunaichonga ikiwa mbichi, maana ikikauka inakuwa ngumu. Na ikikauka inajivuta, inapungua. Twiga aliyetoka mbichi leo, mwezi ujao ni mwembamba. Kila mchongaji anajua hivyo. Kwa hivyo mti ulikuwa unakauka, shimo linapungua, mtoto anabanwa. Hesabu imekubali.

Wiki ya pili kichwa kikabana tena. Mama Mwende akasema, "Baba Mwende, na kofia pia imekuwa ndogo."

Nikamwambia kofia ya sufu ikifuliwa hurudi.

Nikapanua tena. Nilifanya kazi safi. Nikapiga msasa tena.

Wiki ya tatu akasema mtoto anatapika. Akasema analia sauti nyembamba, si sauti yake. Akasema macho yanaangalia chini kama anatafuta kitu.

Nikasema watoto hutapika.

Akanikazia macho. "Daktari alisema siku hiyohiyo."

"Alisema kichwa kikikua," nikamjibu. "Hiki ni mti."

Alichukua sindano zake, akaanza kufuma kofia nyingine, kubwa zaidi. Mimi nikadhani tumeelewana.

Nasimama hapa kidogo niseme kitu. Msidhani sikumpenda yule mtoto. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimemwona siku ile anatoka chumba cha upasuaji, mdogo kama mkate, mipira ya dawa kila mahali. Kumrudisha pale ilikuwa kusema kuna kingine kimeharibika, lakini mti unaokauka ningeweza kuutengeneza mwenyewe, kwa patasi, bila kumuuliza mtu. Ndiyo sababu yote. Sina nyingine.

Jumatatu moja asubuhi Mama Mwende alikuwa amemlaza mtoto kifuani, mimi nikabeba lile sinia mpaka kiwandani. Nilitaka kulipanua vizuri kwa tezo, niachane na mambo ya kukwangua kila wiki.

Nikakaa, nikaanza. Mutua alikuwa kando yangu, anapaka kifaru rangi ya viatu.

"Unafanya nini?"

"Mti unajivuta. Kichwa cha mtoto kinabanwa."

"Mti upi?"

"Huu. Ulionipa."

Mutua akaacha brashi. Akalichukua, akalipima kwa mkono, akaligonga kwa kucha.

"Huu?" akasema. "Huu nilikuwa nao chini ya mabati mwaka mzima. Nilikuwa naukalia nikila. Sasa unataka ukauke vipi tena?"

Nikaligonga na mimi.

Wakuu, mimi nilikuwa mchongaji. Mti mkavu na mti mbichi naitofautisha hata nikiwa nimefumba macho, kwa sauti tu. Siku ya kwanza nilipouchonga tezo ilikuwa inaruka kwa ugumu wake. Mikono yangu ilijua. Ilijua wiki tatu, na mimi nilikuwa siiulizi.

"Wui," Mutua akasema polepole. "Baba Mwende, na mtoto je?"

Niliondoka mbio. Sikuvua hata epron. Nikapita Shauri Moyo, nikapita soko la Burma katikati ya mabucha, na watu wa nyama wakaanza kunipigia kelele: "Mzee, kanjo wako wapi?" Walidhani nakimbizwa na askari wa jiji. Mmoja akaanza kufunga, akaingiza mizani ndani.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama Mwende nje, anafunga kufuli. Mtoto ameshamfunga kifuani na leso. Kikapu kiko chini, ndani nepi, chupa, kadi ya hospitali. Amevaa viatu vya kutoka.

Nikasimama.

"Nilikuwa naenda," akasema. "Uwe umekuja ama usiwe umekuja."

"Si mti," nikasema.

"Najua," akasema. "Beba kikapu."

Pale barabarani mtu mmoja wa bucha aliyekuwa ananijua kwa sura alikuwa na pikapu, anatoka kuleta mzigo. Alipoona kile kichwa hakuuliza tunaenda wapi. Mama Mwende akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma na ndoo mbili za matumbo. Njia nzima nilizishikilia zisimwagike, kama hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Hospitalini walituchukua haraka. Daktari alikuwa yuleyule. Akaweka vidole juu ya utosi, nikaona uso wake unabadilika. Mahali panapotakiwa kuwa laini palikuwa pamejaa, pamekaza. Akamwangalia macho. Akapima kichwa, akapima tena.

Halafu akauliza, bila kuinua uso, "Kimeanza kukua lini?"

Hapa ndipo nilikuwa nataka mfike.

Mimi nilifungua mdomo nikasema, "Juzi juzi tu, daktari."

Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa nimesimama na epron ya kazi, nanuka matumbo, na nikadanganya mtu aliyekuwa anajaribu kumwokoa mtoto wangu.

Mama Mwende hakunigeukia. Alikuwa anamfunga mtoto kofia, ile kubwa.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu, daktari. Tulifikiri ni mti."

Daktari akainua uso. "Mti gani?"

Mama Mwende akakaza kofia. Daktari akaandika wiki tatu.

Walimwekea mpira mwembamba, unaoanzia kichwani, unapita chini ya ngozi, unapeleka maji tumboni. Tulingoja kwenye benchi. Nilimwambia Mama Mwende anisamehe. Akasema, "Ngoja atoke kwanza." Akatoka mzima. Lile neno la msamaha hatukulirudia, tulikuwa na kazi nyingi.

Mwende sasa ni mtu mzima. Anatembea kwa magongo, anafanya kazi ya kupokea wageni kwenye ofisi moja mjini, na mdomo wake ni wa mama yangu kabisa. Mpira ameshabadilishiwa mara kadhaa.

Jicho la kushoto halioni vizuri. Sijui kama ni ugonjwa wenyewe ama ni zile wiki tatu zangu. Niliwauliza madaktari wawili. Wa kwanza alisema haiwezi kujulikana. Wa pili alisema hivyohivyo, kwa Kiingereza.

Naishi na hilo. Kuna siku halinisumbui. Kuna siku anageuza kichwa chote ili anione, na linanisumbua siku nzima.

Nimejifunza nini? Kwamba mtu anayekaa na mtoto kutwa akikuambia kitu kimebadilika, usimweleze kazi yako. Mbebe mtoto uende. Ukifika ukaambiwa si kitu, utarudi nyumbani umeaibika kidogo, na aibu haijaua mtu. Na ukiwa fundi, jihadhari zaidi, maana wewe kila kitu kinachokutisha utakitafutia sababu kutoka kwenye fani yako, na itakuwa sababu nzuri sana.

Na lingine. Kwa miaka hii yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba "tulifikiri ni mti". Kanisani nimesema hivyo, kwa ndugu nimesema hivyo, Mwende mwenyewe alikua akisikia hivyo. Mama Mwende huwa kando ananyamaza.

Yeye hakufikiri ni mti hata siku moja. Nilifikiri mimi, na siku ile kwa daktari alisema "tulifikiri" ili anisitiri. Mwezi uliopita nilimwita Mwende nikamwambia hivyo, mama yake akiwepo. Mwende akamgeukia mama yake, akamwangalia kwa muda. Halafu akaniambia, "Baba, ungesema mapema." Mama Mwende akainuka akaenda kuangalia sufuria, na alikaa huko jikoni muda mrefu kuliko sufuria inavyohitaji.

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Wenye watoto wa mgongo wazi au kichwa maji, semeni yenu, tuko wengi kuliko mnavyofikiri. Wa kunitukana pia wapange foleni, hapana haraka.

Maswali ulizeni. Mama Mwende yuko hapa sebuleni, nitamsomea. Atakachojibu ndicho nitakachoandika.