Wimbo wa Kata Tisa

Harufu ya udongo mkavu ulionyunyiziwa maji ndiyo muziki wangu wa kwanza. Kabla sijamjua mwimbaji yeyote kwa jina, niliijua harufu hiyo ikipanda Jumapili alasiri, baada ya misa, katika banda la mjomba Osmundi pale Mbamba Bay. Lilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo, halina kuta wala sakafu, lakini lilikuwa na jenereta, spika mbili na kanda alizoagiza Songea na ng'ambo ya ziwa, Malawi. Lilikuwa disko la mchana, wakubwa kwa wadogo. Nyimbo zilikuwa za Kilingala, Kichewa na Kiingereza, lugha tusizozijua, kwa hiyo tulizipa majina kwa jinsi tulivyozicheza: Kanyaga Muhogo, Treni, Piga Kasia.

Leo vijana huujua wimbo unaoongoza kwa kutazama simu. Mjomba alikuwa na kipimo chake, na mimi niliyehitimu stashahada ya upimaji wa ardhi nasema sijaona cha haki kama kile. Kila wimbo ulipokwisha, nilichota maji ndooni kwa kata ya kibuyu na kunyunyiza chini hadi vumbi lilale, watu wakihesabu kwa sauti. Wimbo uliochezwa kivivu ulilazwa kwa kata mbili. Uliowakolea watu ulidai saba, hata nane. Wenye kata nyingi ndio niliouandika kwa chaki juu kabisa ya ubao, ukakaa hapo hadi Jumapili iliyofuata. Nilikuwa na miaka kumi, na mwandiko wangu uliwashinda baadhi ya walimu, waliokuwepo watathibitisha.

Mwaka ule, wakulima wa Maguu walipoteremka baada ya kuuza kahawa, Kanyaga Muhogo ilitawala, maana Wamatengo wale walikanyaga kama watu wanaolima mlima mzima. Kisha ikaja Treni, ikiongozwa na Neema, binti wa bwana samaki aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma. Mwezi wa kumi dada yangu Tereza akaja na Piga Kasia, mabega yakivuta maji yasiyokuwepo, visigino vikichimba. Mcheza kwao hutunzwa, tulisema.

Jumapili ya mwisho kabla ya mvua ilikuwa kubwa kuliko zote. Masika ya kwetu yalipoanza, mwezi wa kumi na moja, upepo wa ziwani ulisukuma mvua hadi katikati ya banda, udongo ukalowa, pasiwe na vumbi la kupima. Wimbo uliokutwa juu ya ubao ulibaki hapo hadi mwezi wa tano: nusu mwaka mzima wa kutamba. Siku hiyo Piga Kasia ilipata kata tisa, ikabaki Treni tu. Neema akapita mbele ya Tereza na kusema, "Dada, kasia lako liweke darini. Treni haipiti majini." Watu wakaangua kicheko. Nilimwona dada yangu akiuma mdomo. Mjomba alipokuwa akibadili kanda na macho yote yako kwake, nikamwaga nusu ndoo pale Neema alipozoea kuchezea.

Treni haikutoa vumbi hata la kumpigisha mtu chafya. Watu wa Tereza walikwisha kuanza vigelegele Neema alipoteleza akakaa chini, gauni lake jeupe la kanisani likajaa tope. Mjomba akazima muziki. Akainama, akafinya udongo kwa vidole, kisha akatazama nje, jua likiwaka.

"Veronika mwanangu," akaniita, "imenyesha humu ndani tu?"

Njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa na urefu wa nusu ndoo. Nikaangua kilio.

"Mjomba, basi Treni irudiwe," Tereza akasema, hanitazami.

"Irudiwe kwenye matope? Futa ubao, Vero. Wote."

Ubao ukakaa mtupu masika yote. Kila aliyepita aliuliza kulikoni, na mjomba hakunitaja hata mara moja. Alisema, "Hatukupima vizuri." Ile "hatu" iliniuma kuliko fimbo. Mwezi wa tano vumbi la kwanza lilipotimka, akaniwekea chaki mkononi. Nimepokea vyeti vingi tangu hapo, kimoja mbele ya mgeni rasmi. Hakuna kilichokuwa kizito kama kile kipande cha chaki.

Mwaka huu nimerudi. Vyaelea, na nimeviunda mwenyewe: ukumbi wangu umesimama palepale lilipokuwa banda, una kuta, feni na vigae unavyoweza kujitazamia. Siku ya ufunguzi nilimwalika mjomba, ambaye sasa anatembelea fimbo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bibi mpima."

Vijana wakamwonyesha kwenye simu wimbo unaoongoza, wakaupiga kwenye spika. Aliupenda, akacheza hatua mbili tatu. Kisha akatazama chini, akasugua kigae kwa kandambili yake.

"Pazuri mno, mwanangu," akasema. "Sasa utajuaje?"

Nikamshika mkono tukatoka uani, mahali ambapo mafundi hawajamwaga zege. Nikaagiza spika moja igeuzwe nje, na kwa viatu vyangu vya ufunguzi nikateremka ziwani kuchota ndoo.